Pima Katikati

Mji wa mfarishi ulikamilika Jumanne,
viraka kumi na viwili kwa kumi na viwili,
na mvua ya Februari ikipiga bati la zizi
kama mtu anayedai.

Eluned aliushona kwa mkono miaka minne
hadi baridi yabisi ilipomkunja vidole
kama kucha za kuku aliyelala juu ya ufito.
Sasa sindano ninayo mimi,
mimi niliyejenga kuta za mawe bila udongo
kutoka Blaen-nant mpaka darajani,
na yeye anacho kiti cha dirishani,
na ulimi.

Nilianza kama nianzavyo ukuta.
Nikapima ubavu wa kushoto: inchi themanini na moja.
Wa kulia: themanini na mbili unusu.
Nikakata mapindo mawili, kila moja kwa ubavu wake,
nikayashona, nikajiona fundi.

"Fumua," akasema.
Hata miwani hakuvaa.
"Ukifuata kingo, kingo zitakudanganya.
Zimeshikwashikwa, zimevutwa, zimelaliwa na paka.
Pima katikati, mara tatu,
kisha zipe mbavu zote mbili kipimo hicho kimoja.
Kitambaa kitajua chenyewe pa kujipunguza."

Nikamwambia mawe hayajui kujipunguza.
Akaniambia ndiyo maana kondoo wa Beti
hulala kwetu.

Nikafumua mpaka taarifa ya habari ya saa tatu.

Katika mji kuna mashati yangu ya flaneli,
pazia la jikoni lililoungua pembeni,
gauni la Heledd la darasa la kwanza,
na fulana ya mistari ya buluu
niliyoitafuta miaka saba.
"Kumbe!" nikasema.
Hakujibu. Alikuwa akihesabu pini.

Pindo ni suti ya baba yake,
sufu nyeusi iliyokwenda kanisani na mazikoni
na haikwenda kwingine kokote.
Katikati kwa katikati, ncha kwa ncha,
halafu robo, halafu nusu ya robo.
Ile inchi unusu ya ziada ilikwenda wapi siwezi kusema.
Niliigawa kwa pini, punje kwa punje,
kama mtu anavyogawa deni kwa miezi,
na nilipofika mwisho haikuwepo.

Kona sikuzikata mshazari. Niliomba ruhusa.
Nililipandisha pindo moja juu ya jingine,
refu huku, fupi kule,
kama mawe ya pembeni yanavyoshikana.
"Hiyo unaijua," akasema,
na nikapigwa na haya kama kijana.

Pindo la nne likapunguka vidole vinne.
Hakukuwa na suti tena, ila mfuko wa ndani,
na ndani ya mfuko peremende,
ya kunyonya wakati wa mahubiri,
ngumu, ya kijivu, karatasi imeigandia.
Eluned akaitia kinywani kabla sijafungua mdomo.
Alinyonya muda mrefu akitazama zizi.
"Bado mnanaa," akasema.

Mfuko ule ndio uliofunga pindo.
Ukitazama vizuri utaona mshono wake,
na jirani yake kibonyeo kidogo, kazi yangu,
ambacho aliniambia nikiache
kwa sababu alikuwa amechoka kunitazama.

Kisha Mot akaingia na matope ya shamba zima
tukaunyakua mfarishi sakafuni,
yeye ncha mbili kwa viganja, mimi ncha mbili,
bila pamba bado, bila mgongo,
ukasimama kati yetu, dirisha likiwa upande wake.
Nuru ilipita kwenye viraka, ikagoma kwenye mishono,
na mishono ikawa kuta nyeusi nyembamba,
shamba baada ya shamba,
zake zimenyooka, zangu nne za nje
zikiyumba karibu na kona ya juu.

Eluned sikumwona, ila soksi, viatu vya nyumbani,
na vidole vilivyopinda juu ya sufu.
"Mbwa ametoka?" akauliza.

Alikuwa ametoka zamani.
"Bado," nikasema.